Mfungaji wangu anatakiwa Iringa: nimbadilishe au nimbakize?

Swali: Shikamoo kocha. Nafundisha timu ya kikapu ya mtaa hapa Uyole, Mbeya. Timu moja ya Iringa inamtaka mfungaji wangu mkuu, anayenipa wastani wa pointi 18, na kwa kubadilishana inanipa senta mrefu. Ribaundi, yaani kuokota mipira iliyokosa kikapu, ndizo zinazotuua. Wenzangu kwenye uongozi wanasema nikimwachia mfungaji nimejimaliza. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kwanza jua pointi hizo 18 zinakugharimu nini.

Fungua daftari la mechi sita hadi nane za mwisho. Chukua mitupo yake yote ya kawaida, ongeza mitupo huru ukiizidisha kwa 0.44 (mara nyingi mitupo huru miwili ndiyo humaliza shambulizi moja, na mingine ni ile ya nyongeza baada ya kikapu), kisha ongeza mipira aliyopoteza. Hizo ndizo nafasi alizotumia.

Tuseme kwa mechi anarusha mara 20 na kuingiza 7, miwili ikiwa ya pointi tatu. Mitupo huru anapata 4, anaingiza 2. Anapoteza mipira 4. Pointi 18 zimetimia, ila zimekula nafasi 25.76, yaani pointi 0.70 kwa kila nafasi. Kama timu nzima inafunga 62 kwa nafasi 80, wenzake wamepata 44 kwa nafasi 54 na ushei, ambayo ni 0.81. Kila anapomaliza yeye shambulizi, mnapata kidogo kuliko akimaliza mwenzake.

Lakini usisaini bado. Rudia video za simu, na kila mtupo wake uliorushwa zikiwa zimebaki chini ya sekunde 5 kati ya zile 24 za kila shambulizi uuwekee duara. Maduara yakifika nusu, kijana wako analaumiwa bure: wenzake wanashindwa kujitengenezea mtupo mzuri, wanamtupia mpira wa moto. Ukimwondoa, mitupo hiyo migumu itawaangukia wao, na ile 0.81 itashuka. Angalia pia dakika anazokuwa benchi. Timu ikifunga vilevile bila yeye, anaweza kwenda. Ikikwama, mbakize.

Sasa senta. Usikubali kuambiwa tu "anachukua ribaundi 10". Nenda ukamwone, tena mtazame miguu. Mpira ukishatoka mkononi mwa mrushaji, senta anayejua kazi humtafuta mpinzani kwanza, humgusa kwa mkono, hugeuka na kumzuia kwa mgongo, magoti yamekunjwa, ndipo anainua macho. Anayesimama chini ya wavu akiangalia juu atavuna mbele ya wafupi tu. Hesabu na faulo zake: mwenye faulo 4 robo ya tatu haijaisha hawezi kukulindia dakika 40, maana ya tano inamtoa.

Pima tatizo lenyewe pia. Wapinzani wakikosa mara 40 nanyi mkaokota 26, mna asilimia 65, na mipira 14 mmewarudishia. Ikiwa mingi kati ya hiyo inadondoka mbali na kikapu, senta hatakusaidia. Hao ni magadi wako (wachezaji wa nje, wanaopandisha mpira) wanaokimbilia mbele kabla mpira haujashikwa, na dawa yake ni mazoezi.

Iringa na Mbeya zote ziko juu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi ya senta huyo haitakupa shida. (Angetoka Dar es Salaam ningekuambia usimpime kabla ya wiki mbili.) Ulizia shule. Kama anasoma chuo cha Mkwawa kule Iringa, masomo yakianza atakuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka uwanja wako, na utakuwa umebadilisha mchezaji wa kila wiki kwa mchezaji wa likizo. Hilo pekee lingenitosha kukataa.

Ukiridhika, zungumza na mfungaji wako kabla ya mtu mwingine yeyote. Asipotaka kuhama, acha. Akikubali, andikeni: barua za kuwaachia wachezaji wote wawili, nani analipa nauli na malazi, na itakuwaje mmoja akiumia kabla ya ligi. Thibitisha kwa chama cha kikapu cha mkoa siku ya mwisho ya usajili. Na usikabidhi barua yako kabla ya kuishika ya kwao.