FC 26 baada ya wiki mbili: maswali yenu kuhusu gemu mpya na mpinzani wake

Tangu gemu ya soka ya EA Sports FC 26 itoke tarehe 26 Septemba 2025, simu yangu haijatulia. Wengine mnauliza kama inafaa kununuliwa, wengine mnauliza mpinzani wake, eFootball ya Konami, imefikia wapi, na mzazi mmoja ameleta swali ambalo naliona zito kuliko yote. Nimeicheza kila usiku kwa wiki mbili: peke yangu, mtandaoni, na mara nyingi zaidi sebuleni na mdogo wangu, pedi mbili, kochi moja. Majibu yangu yametoka huko.

FC 25 ilinichosha. Hii ya sasa imebadilika kweli, au wamebadilisha jezi tu? – Msomaji, Dar es Salaam

Imebadilika, ndugu yangu, na nalisema hilo bila kusita. Safari hii EA wametenga uchezaji wa aina mbili ndani ya gemu moja. Wa kwanza unaitwa "Competitive", nao ndio unaotumika kwenye mechi za mtandaoni, yaani Ultimate Team (timu ya kadi za wachezaji) na Clubs (kila mtu anacheza kama mchezaji mmoja). Pasi zinatoka haraka, mchezaji anageuka pale pale unapogusa stiki, na mashambulizi hayana kupumzika. Wa pili ni "Authentic", uliotengenezwa kwa ajili ya Career, pale unapokuwa kocha au mchezaji mmoja dhidi ya kompyuta. Huku mpira ni mzito, mabeki wana miili, na bao unalitolea jasho.

Nikupe mfano. Mimi ni kocha wa Sunderland, timu iliyorudi Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2025/26. Tuko nyumbani, dakika ya 70 na ushee, sare. Granit Xhaka anapata mpira katikati, nampigisha pasi ndefu nyuma ya mabeki. Kwenye FC 25 hapo ningeshajua mwisho wake: mshambuliaji mwenye mbio anawaacha, bao. Safari hii beki alimwekea bega, mshambuliaji wangu akayumba, akapoteza hatua mbili, shuti likatoka akiwa hajakaa sawa. Kipa akalipangua pembeni, mpira ukaenda zake kwenye kibendera cha kona. Mwaka jana mpira kama ule ulikuwa unarudi mguuni mwa mshambuliaji mara nyingi mno. Mdogo wangu, ambaye huwa hasifii kitu, akasema, "Sasa huo ndio mpira." Mechi iliisha sare na sikuumia, kwa sababu kila kilichotokea nilikielewa.

Hapo kwa makipa ndipo ninapowapongeza EA kwa moyo wote. Wamewafundisha upya namna ya kusimama golini, na inaonekana. Kwenye "Competitive" lakini sijaridhika sana. Kasi ni kubwa, chenga zina nguvu kupita kiasi, na baada ya mechi nne mfululizo vidole vinauma. Vijana wanaoshindana wataipenda. Anayetaka kucheza mpira taratibu, akijenga kutoka nyuma, aelekee Career.

Nimeinunua, jioni ya kwanza mtandaoni nikafungwa saba. Nina miaka 34. Muda wangu umepita? – Msomaji, Mombasa

Haujapita, kaka. Tatizo, nadhani, ni kwamba unaukimbilia mpira. Mwaka jana kompyuta ilikuwa inakukabia sana. Ungeweza kuacha pedi ukanywe maji, ukarudi ukakuta beki ameshaokoa. Safari hii "Competitive" inataka ukabe mwenyewe.

Jaribu hivi usiku wa leo. Usimshike beki wa kati kabisa isipokuwa mpira umeshaingia kwenye boksi, maana ukimtoa pale nyuma yake kunabaki uwanja mtupu, na mpinzani wako anangoja hilo tu. Mshike kiungo mkabaji. Bonyeza L2, kitufe cha nyuma kushoto cha pedi ya PlayStation, ili ageuze kifua kuelekea kwenye mpira, kisha usogee taratibu ukiziba njia ya pasi badala ya kumfuata mwenye mpira. Mwache acheze nje ya boksi kadiri anavyotaka. Kitufe cha kukaba kiguse pale tu anapogusa mpira mrefu kidogo. Nilihesabu mabao niliyofungwa usiku mmoja: karibu yote yalianza kwa mimi kumvuta beki wangu mwenyewe.

Kwa nini haiitwi FIFA tena? Mtaani kwetu bado tunasema "tucheze FIFA". – Msomaji, Mwanza

Endeleeni kusema, hata mimi hujikuta nasema. EA walitumia jina hilo tangu 1993. Mwezi wa Mei 2022 wakatangaza kwamba mkataba na FIFA, shirikisho la soka la dunia, unaisha, FIFA 23 ikawa ya mwisho, na 2023 ikaja EA Sports FC 24. Walichopoteza ni jina. Wachezaji, vilabu na ligi vina mikataba yake, na hiyo wanayo bado. Jambo ambalo wengi hawakulitegemea ni kwamba FIFA wenyewe wamekwenda kwa mpinzani: Desemba 2024 kombe lao la dunia la gemu lilichezwa Riyadh kwa eFootball, na Indonesia wakachukua ubingwa upande wa konsoli.

Mimi nimekulia kwenye PES. PES 6, PS2, pedi imefungwa kwa raba. Ile gemu ilikufaje, na eFootball ya sasa inafaa kuguswa? – Msomaji, Morogoro

Swali lako limenigusa, maana nami ni wa huko, enzi gemu ya Konami ikiitwa PES. Kibanda cha gemu, benchi la mbao, foleni nyuma yako, aliyefungwa anaachia pedi. Liverpool iliitwa Merseyside Red na hakuna aliyejali. Ukimpa mpira Adriano wa Inter kwenye umbali wa mita 25, kibanda kizima kilikuwa kinanyamaza kabla hajapiga. Na wale tuliocheza Master League, ile sehemu ya kuendesha klabu msimu baada ya msimu, tunamkumbuka Castolo, mshambuliaji wa kubuni, kama tunavyomkumbuka mtu tuliyesoma naye.

Enzi zile PES ilikuwa mbele kwa mpira wenyewe, FIFA ikiwa mbele kwa majina na jezi. Kisha FIFA ikajifunza. FIFA 10 ilipomruhusu mchezaji kukokota mpira kuelekea upande wowote, nyuzi 360, mizani ilishaanza kulalia upande wa pili. Konami walijitahidi, PES 2017 kwangu ilikuwa nzuri kuliko FIFA ya mwaka ule, lakini leseni ziliwabana.

Halafu ikaja tarehe 30 Septemba 2021. Jina la PES likaondolewa, ikatoka eFootball 2022, bure kwa kila mtu, ikiwa na vilabu tisa na nyuso za wachezaji zilizotisha. Picha zake zilizunguka dunia ndani ya saa chache. Konami waliomba radhi, na toleo lililokamilika, 1.0, lilitoka tarehe 14 Aprili 2022, zaidi ya nusu mwaka baadaye.

Leo ikoje? Nimeifungua tena wiki hii nilinganishe. Uwanjani, nasema kwa furaha, damu ya PES bado imo. Mpira una uzito wake, haunati mguuni, na pasi ya kwanza ikipigwa vibaya inakuadhibu. Kuna dakika, hasa mechi ikiwa ya polepole, ambapo naipenda kuliko FC 26. Lakini ukitoka uwanjani hukuti nyumba. Master League ile tuliyolala saa tisa usiku kwa ajili yake tumeingoja tangu 2021. Kila kitu kimejengwa juu ya kadi za nyota wa zamani na mechi za mtandaoni. Iguse, kwa kuwa haikugharimu chochote isipokuwa bando, ila usitegemee kumkuta Castolo.

Na hili linaniuma hata kwa ajili ya wanaocheza FC peke yake. FIFA ilikuwa bora pale ilipokuwa na PES kisogoni. Desemba 2024 ilitoka UFL, gemu nyingine ya soka, ya bure, Cristiano Ronaldo akiwa mmoja wa waliowekeza. Nimeijaribu. Ina nia njema, bado changa.

Sina PS wala kompyuta, nina simu tu. eFootball au FC Mobile? – Msomaji, Nairobi

Zote ni bure, kwa hiyo anza na eFootball. Kwenye simu ndiko Konami walikoshinda: unacheza kumi na moja kwa kumi na moja, mpira ule ule wa Konami, na wapinzani hawakosekani saa yoyote. FC Mobile, ya EA kwa simu, ina leseni nyingi zaidi na inakwenda mbio, nzuri ukiwa kwenye matatu na una dakika tano. Simu yako ikiwa ya uwezo mdogo, Dream League Soccer itakutendea haki kuliko zote mbili.

Mwanangu ana miaka 13. Kila wiki ananiomba hela ya "pakiti" kwenye hiyo gemu, anasema wenzake wote wananunua. Hizo pakiti ni nini, na nikimkatalia nakosea? – Mama, Zanzibar

Hukosei, mama, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kufoka.

Ndani ya FC kuna sehemu inaitwa Ultimate Team. Kila mchezaji ni kadi. Ili upate kadi unafungua pakiti, na pakiti inapatikana kwa kucheza sana au kwa kulipa hela halisi. Ndani yake hujui kuna nini mpaka uifungue. Uwezekano wa kumpata nyota umeandikwa, ukitafuta, na kwa wale wakubwa ni mdogo sana. Mtoto huona taa, anasikia sauti ya shangwe, pazia linafunguka, anatoka beki wa ligi ya daraja la tatu. Anataka kujaribu tena. Ubelgiji waliliangalia jambo hili mwaka 2018 wakaliweka kwenye fungu la kamari, na tangu Januari 2019 EA hawauzi tena huko zile pointi za kununulia pakiti. eFootball nayo ina sarafu na bahati nasibu yake, kwa hiyo kumhamisha huko hakusaidii.

Kuna jambo moja ambalo ningependa umwonyeshe badala ya kumwambia. Mwombe akufungulie timu aliyokuwa nayo kwenye FC 25. Kadi zile hazikuhamia FC 26, hata moja. Muulize ni nani kati ya wale alimlipia. Watoto wengi hawajawahi kukaa wakalitazama hilo, na wakilitazama wanaelewa upesi.

Kisha, kwa upande wako: kama mna PlayStation, mfungulie akaunti ya mtoto chini ya akaunti yako na uweke kikomo cha matumizi kwa mwezi. Kinaweza kuwa sifuri. Usiache namba ya kadi ya benki kwenye akaunti yake. Na mwambie kuhusu Career, hakuna pakiti humo. Unanunua mchezaji kwa bajeti ya klabu, hela za gemu. Mdogo wangu alitoka Ultimate Team akaingia Career akiwa na miaka 14, baada ya kaka yetu mkubwa kukaa naye wiki nzima na kuchagua naye timu. Kukaa naye ndiko kulikofanya kazi. Marufuku tupu tulikuwa tumeshaijaribu.

PS4 yangu bado nzima. FC 26 itanifaa? – Msomaji, Arusha

Inatoka kwa PS4, ndiyo, na inachezeka. Lakini bei kamili ya toleo la kawaida ilipotoka ilikuwa dola 70, na mashine ya zamani haikupi miondoko yote ya wachezaji iliyo kwenye PS5. Kama unayo FC 25, ngoja bei ishuke. Kila mwaka hushuka mapema.

Lini tutaiona Simba na Yanga humo? – Wasomaji saba, mikoa tofauti

FC 26 ina zaidi ya vilabu 750 na ligi zaidi ya 35. Ligi Kuu ya Tanzania haimo, wala ya Kenya, na eFootball vilevile haina. Wachezaji wetu wameingia mmoja mmoja kwa mlango wa Ulaya: Mbwana Samatta alikuwemo akiwa Genk, Victor Wanyama akiwa Tottenham. Ligi huingia kwa mkataba, na mkataba unataka haki za majina, nembo na picha za wachezaji ziwe zimekusanywa mahali pamoja, anayezimiliki ajulikane, na mtu abebe faili aende nalo mezani. Hiyo ni kazi ya ligi na vilabu vyetu. Ningependa sana kusikia imeanza.

Wakati huo huo, kwenye Career unaweza kuunda klabu yako mwenyewe: jina, rangi, nembo ya kuchagua, uwanja. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alitengeneza ya kijani na njano, mimi nikatengeneza nyekundu na nyeupe, kila moja kwenye Career yake. Zote mbili zinapambania nafasi nne za juu. Yake ni ya tatu. Yangu ni ya sita, zimebaki mechi tisa.