Kazi Yako Inaishia Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Vyeo vya Ofisini na Mauzo

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa meza tofauti: fedha, stoo, mapokezi, mauzo. Kilio ni kimoja. Mtu ana cheo, ila hajui kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Nimezifupisha bila kugusa maana. Nikisoma barua ya namna hii huwa najiuliza kwanza: jambo likiharibika, nani ataitwa aeleze? Anayeitwa ndiye mwenye jukumu, hata kama cheo chake kinasema vingine.

Dada, mimi ni keshia kwenye kampuni ndogo. Mhasibu ameacha kazi, na bosi ameniambia niandike na vitabu vya hesabu kwa kuwa "ni pesa ileile". Napokea pesa, napeleka benki, naandika, na mwisho wa mwezi nalinganisha mwenyewe na taarifa ya benki. Pia nashika fedha ndogo ndogo za matumizi. Kuna ubaya?

Upo, mdogo wangu, na atakayeumia wa kwanza ni wewe.

Pesa yoyote ya ofisi hupitia kazi nne. Kuna anayeidhinisha itumike, anayeishika, anayeiandika, na anayekuja kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Keshia ni mtu wa kazi ya pili. Anaulizwa noti: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zilizobaki ziko wapi. Mhasibu ni mtu wa kazi ya tatu. Anaulizwa vitabu: wateja tunawadai nini, sisi tunadaiwa nini, kodi imehesabiwa sawasawa, faida ni ya kweli au ya karatasi. Mhasibu hana haja ya kugusa hata sarafu moja ili afanye kazi yake, na ni heri asiguse. Bosi wako anaposema ni pesa ileile amesema kweli, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuzigawa kazi hizo.

Siku pesa ikipungua, kila karatasi itakuwa na mwandiko wako. Hakuna wa kukutetea, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, binti mwaminifu aliondoka na fedheha ya wizi mgongoni. Miezi kadhaa baadaye mtu mwingine alipitia vitabu akakuta risiti ya 450,000 imeingizwa daftarini kama 540,000. Tarakimu mbili tu zilipishana, pesa zikaonekana zimepungua 90,000. Makosa ya tarakimu kupishana hivyo huacha tofauti inayogawanyika kwa 9, na mhasibu mzoefu akikuta upungufu wa aina hiyo hutafuta hapo kwanza. Yule binti hakuwa na mtu wa pili wa kumtafutia. Bado naumia nikimkumbuka.

Shida hii ni ya miaka mingi. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Ohio, huko Marekani, alisajili uvumbuzi wa mashine ya kuhesabia mauzo kwa kuwa pesa zilikuwa zikiyeyuka kaunta. Kila mauzo yakawa yanaonekana kwenye uso wa mashine, mbele ya mteja. Pakawa na jicho la pili.

Kwa hiyo mwombe bosi awe jicho lako la pili. Taarifa ya benki imfikie yeye kwanza, aipitie mstari kwa mstari na daftari lako, kisha aweke saini na tarehe. Ni kazi ya saa moja kwa mwezi. Mapato ya siku yapelekwe benki yote kama yalivyo, usichomoe humo matumizi hata ya dakika tano.

Fedha ndogo ndogo zina dawa yake. Fungu liwe na kiasi kisichobadilika, tuseme 100,000. Saa yoyote utakayofungua kisanduku, noti ukijumlisha na vocha, yaani karatasi zinazoonyesha kila kilichotumika, lazima zifike 100,000. Vocha zikiwa za 63,500, pesa ziwe 36,500. Ukikuta 34,500, basi kuna 2,000 iliyotoka bila karatasi, na aghalabu ni mtu aliyetumwa haraka kununua wino akarudi bila risiti. Akirudi hivyo, mwandikishe vocha palepale na asaini yeye. Na anayejaza tena fungu asiwe wewe.

Ni mtunza stoo. Madereva wanaoleta mzigo wana haraka, wananipa karatasi nisaini hata kabla hawajamaliza kushusha. Wiki iliyopita zimepungua boksi 2 na mimi ndiye ninayedaiwa. Nifanyeje?

Kwa hizo 2, saini yako imeshasema ulizipokea, kwa hiyo toa taarifa ya maandishi leo. Usingoje mpaka waje kuhesabu stoo.

Kuanzia kesho, mlango wa stoo ni wako. Dereva anaulizwa muda, wewe unaulizwa mzigo, na haraka yake isiwe yako. Hesabu boksi zikiwa chini, si garini. Moja lililolegea gundi lifungue uone ndani, kwa sababu boksi lililojaa upande mmoja lina uzito wa kudanganya. Kama zimepungua, andika kwenye hati ya mzigo, kwa kalamu, nakala zote: "Zimepokelewa 38, pungufu 2", kisha dereva naye asaini chini ya maneno hayo. Ndipo usaini.

Watu wengi hawaelewi uzito wa saini ya stoo. Ofisa ugavi anatoa oda, wewe unathibitisha kilichofika, msambazaji analeta ankara, na mhasibu anaziweka karatasi hizo tatu pamoja kabla ya kulipa. Oda ikisema 40, ankara ikasema 40, na wewe ukasaini 40, zile 2 zitalipwa. Katika karatasi hizo tatu, yako peke yake imeandikwa na mtu aliyeuona mzigo.

Mimi ni katibu muhtasi. Siku hizi simu zinarekodi kikao kizima na programu zinageuza sauti kuwa maandishi. Nimebaki na kazi gani?

Umebaki na ile ngumu. Zamani katibu alisifiwa kwa kasi ya mkono. Isaac Pitman alitoa mfumo wake wa hatimkato Uingereza mwaka 1837, John Robert Gregg akatoa wake mwaka 1888, na makatibu kwa vizazi walisomea alama zile wapate kuyawahi maneno. Kasi hiyo sasa mashine inayo. Mashine itakupa kurasa 30 za watu wakikatizana, na hakuna mkuu atakayezisoma.

Muhtasari wa kikao unajibu mambo matatu: tumeamua nini, nani atatekeleza, lini. Ukiandika "suala la gari lilijadiliwa kwa kina", hujaandika kitu. Andika: "Gari litengenezwe. Mhusika: ofisa usafirishaji. Mwisho: tarehe 14." Kikao kijacho kikifika kwenye yatokanayo, pale mnapopitia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, mhusika hana pa kujificha. Pale wajumbe wanapoishia kwenye "sawa, tutaona", inua mkono uulize, kwa adabu: "Mwenyekiti, niandike tumeamua nini?" Nimeona swali hilo likiokoa vikao vilivyokuwa vinakwenda kufa.

Unatunza pia saa ya mkuu na siri yake. Shajara ni yako: nani anaingia, nani anangoja, safari gani inagongana na kikao gani. Barua utakazozisoma kabla ya wenzako, za uhamisho au za onyo, ziishie machoni pako.

Niko mapokezi. Kazi yangu ni kukaa na kutabasamu tu?

Hapana. Unaulizwa nani ameingia, amekuja kwa nani, na ameondoka saa ngapi. Daftari la wageni likiwa tupu siku kompyuta ya ofisi imepotea, utajua uzito wa kiti chako. Simu nayo andika jina, namba, ujumbe na saa. "Kuna mtu alikupigia" haimsaidii yeyote.

Kampuni yetu ina ofisa masoko na ofisa mauzo na wanagombana kila mwezi. Mauzo yakishuka, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Tofauti yao ni nini?

Ofisa mauzo anaulizwa nani amenunua. Ofisa masoko anaulizwa kwa nini mtu anunue kwetu. Mmarekani E. Jerome McCarthy mwaka 1960 aliigawa kazi ya masoko katika mambo manne: bidhaa yenyewe, bei, mahali inapopatikana, na namna ya kuitangaza. Mgawanyo huo unafundishwa mpaka leo. Angalia kwamba tangazo ni moja tu kati ya manne, ilhali kampuni nyingi zinamwachia mtu wa masoko mabango na picha peke yake, kisha zinamlaumu.

Waamueni kwa hesabu. Kama wateja wanaouliza ni wachache, anzeni na masoko. Kama wanaouliza ni wengi na wanaondoka mikono mitupu, kaeni na mauzo, ila msikilize anachosema kabla ya kumkaripia. Akisema kila mteja anashtushwa na bei, hilo ni neno la kurudishwa kwa masoko, na anayelileta hajitetei.

Mimi ni ofisa mauzo. Nimefikisha lengo la mwezi lakini kamisheni yangu imezuiwa mpaka wateja walipe. Kudai madeni si kazi ya uhasibu?

Jibu langu halitakupendeza. Angalia kwanza mkataba wako: kama umeandikwa kamisheni inalipwa mzigo ukitoka, idai, ni haki yako. Kama haukusema, naona kampuni ina hoja.

Mzigo uliotoka bila pesa kuingia bado si mauzo kamili. Chukua bidhaa ya 1,000,000 yenye faida ya asilimia 10. Mteja akitoweka, kampuni imepoteza 900,000 iliyoinunulia. Ili faida ya asilimia 10 izirudishe, wewe huyohuyo utalazimika kuuza tena bidhaa za 9,000,000, na zote zilipwe.

Kazi hii ni ya wawili. Uhasibu unatoa ankara kwa wakati na orodha ya madeni kwa umri wake: ya siku 30, ya 60, ya 90 na zaidi. Wewe unamjua mteja, unajua mlango wake na nani hasa anatoa idhini ya malipo. Piga simu siku chache kabla ya deni kuiva, uulize tu kama ankara imefika na kama ina kasoro. Ankara nyingi zimekaa mezani kwa mtu kwa sababu namba ya oda imekosewa, na hakuna aliyeuliza.

Jambo moja nakutetea. Idhini ya kumkopesha mteja isitoke kwako wewe unayesubiri kamisheni. Itoke kwa mwingine, tena kwa maandishi, ili deni likichacha usibebeshwe peke yako. Na ukipewa taslimu, risiti ikatwe hapohapo mbele ya mteja.

Nilikuwa muuzaji bora, nimepandishwa kuwa msimamizi wa mauzo. Watu wangu wanayumba, naishia kuwafungia mauzo mwenyewe. Nakosea?

Unakosea kwa moyo mzuri. Tangu juzi huulizwi umeuza nini, unaulizwa wao wameuza nini. Kampuni ya National Cash Register, iliyokuja kutengeneza mashine za ile jamii ya Ritty, chini ya John H. Patterson ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kumpa kila muuzaji eneo lake na lengo lake. Kupanga hayo ndiyo kazi yako sasa: nani aende wapi, kwa lengo analoweza kulifikia akijituma, na kufuatilia kila wiki badala ya kungoja tarehe 30.

Fuatana nao kwa wateja, ukae kimya. Mteja atasema "bei iko juu", na kijana wako, kabla mteja hajafunga mdomo, atakuwa ameshapunguza. Ulimi utakuwasha. Uache. Mkishatoka nje muulize: "Alikwambia bei iko juu kuliko nini?" Mara nyingi atagundua hakuuliza. Somo hilo atakwenda nalo kwa mteja wa pili, na ukimfungia wewe mauzo halipati.

Ofisa rasilimali watu yuko upande wetu au wa mwajiri?

Ameajiriwa na mwajiri, lakini anaulizwa utaratibu: mikataba, likizo, mafaili, mafunzo, na kama aliyeadhibiwa alisikilizwa kwanza. Utaratibu ukivunjwa dhidi yako, yeye ndiye wa kuulizwa. Mpelekee kwa maandishi, ubaki na nakala.

Mkataba wangu una mstari wa mwisho: "Kufanya kazi nyingine zozote utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi." Niliajiriwa karani wa masjala, sasa natumwa hata kuwachukulia watoto wa bosi shuleni. Naweza kukataa?

Mstari huo upo kwenye mikataba mingi, na una maana yake ya haki: mwenzako akiugua umshikie meza, mafaili yakihama ubebe. Ni kazi nyingine za ofisi. Watoto wa bosi hawamo.

Ila usikatae kwa hasira mlangoni. Masjala unaulizwa faili: liko kwa nani, limetoka lini, litarudi lini. Chukua wiki mbili, andika kila safari uliyotumwa, saa uliyotoka na kurudi, na faili lililoombwa ukiwa haupo. Kisha omba dakika kumi na mkuu wako, umwekee karatasi hiyo mezani na umuulize: "Mzee, faili likitafutwa saa tisa nikiwa shuleni, nani alitoe?" Jibu atakalokupa liandike, weka tarehe, na umpe ofisa utawala nakala.