Mtoto akirudi shule na njaa, usianzie kwa grupu ya WhatsApp

Kijana wangu ako gredi ya 2, shule ya kibinafsi si kubwa sana huku Eastlands, Nairobi, na pesa ya lanchi huwa nalipa pamoja na karo mwanzo wa muhula. Kwa hivo dada anayenisaidia nyumbani aliponiambia "Mama, huyu akishuka tu kwa basi anaingia jikoni na yunifomu anaanza kufunua masufuria" nilidhani ni kukua, nikamwambia awe anamwekea chapati na chai, nikaendelea na kazi zangu.

Kilichonishtua ni Jumatano. Jumatano kwao ni githeri, na asubuhi akaanza kulia tumbo, nikakumbuka hata Jumatano iliyopita alilia tumbo hivo hivo na kufika Alhamisi ako sawa. Jioni nikamuuliza nikimuogesha. Wangu ukimkalisha kwa kiti umuulize maswali ananyamaza kabisa, lakini akiwa anaogeshwa ama tukikunja nguo maneno yanatoka yenyewe. Sikuuliza nani amekufanya nini, niliuliza tu leo umekula lanchi na nani. Akasema nilikuwa meza ya konokono.

Meza ya konokono kumbe ni meza iko kando ya mlango wa jikoni, watoto wanakaa wakiangalia ukuta, na hapo ndio wanapelekwa wale wanaokula pole pole. Kengele ikilia sahani inachukuliwa vile iko. Wenzao wakipita kwenda kucheza wanawaimbia konokono, konokono. Na huyu mtoto alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa mahindi ya githeri atayatafuna haraka na nini?

Nilikasirika na nikafanya kosa ambalo naomba wewe usifanye. Usiku huo huo saa nne nikaandika kila kitu kwa grupu ya wazazi wa darasa, na jina la ticha wa zamu nikataja. Kufika asubuhi kulikuwa na meseji sitini na kitu, wengine wanasema wahamishe watoto, wengine wanamtusi huyo ticha, na mtu alikuwa ameshapiga skrinshoti akatuma shuleni. Jioni mtoto wangu akanishikilia sketi akaniuliza, "Mami, mbona ulisema? Ticha ameniuliza kama ni mimi nilimsemea." Siku mbili hakuniambia chochote cha shule. Yani mimi ndio nilimfungia mdomo wakati nilikuwa namhitaji aongee.

Baada ya hapo ndio nikatulia. Nilichukua daftari, wiki nzima nikaandika tarehe, chakula kilichopikwa, amekula kiasi gani, amekaa wapi. Sikuandika mambo ya "watoto wote wanateswa", niliandika ya mtoto wangu tu. Alafu nikaandika kwa dayari yake: Mwalimu, naomba dakika kumi na tano tuongee kuhusu lanchi. Usiende kuongelea getini asubuhi, ticha ako na darasa linamngoja na mtoto mwenyewe amesimama hapo anasikia kila neno. Mimi nilienda jioni watoto wakiwa wameshapanda basi.

Na nilianza na mwalimu wa darasa, sio mkuu wa shule. Wengi wetu tunapenda kuruka moja kwa moja kwa mkuu, lakini saa ya lanchi mara nyingi anayesimamia ni ticha wa zamu na wapishi, wa darasa anaweza kuwa hajui lolote. Wangu hakujua. Nilimwambia, "Mwalimu, nimekuja unisaidie kuelewa," nikamsomea daftari, akashika kichwa. Akaniambia kitu sikuwa nimefikiria, kwamba wanakula kwa zamu mbili na sahani hazitoshi, za wadogo lazima zioshwe ndio wakubwa wapakuliwe. Haraka yote ilikuwa ya sahani. Nikamwambia hiyo naelewa, lakini mtoto kuangalishwa ukuta na kuimbiwa haioshi sahani, na akakubali. Nikaomba vitu viwili tu, akae na wenzake, na gredi za chini ziingie dakika kumi mapema. Omba kitu kinachoweza kufanyika kesho, ukienda na malalamiko kumi utarudi na pole kumi.

Kwa simu nilikuwa na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kile kinachokataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa njia ya kumdhalilisha, iwe ni kwa mwili ama kwa akili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 ama kifungo kisichozidi miezi sita, ama yote mawili. Sikuhitaji kuitoa. Lakini ikiwa mtoto anapigwa, ama analazimishwa kula mpaka anatapika, ama ananyimwa chakula mbele ya wenzake juu ya balansi ya karo, hapo usingoje miadi ya dayari. Andika barua kwa mkuu na nakala kwa bodi, ubaki na yako, wakinyamaza nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na kama ameumizwa piga 116, ile simu ya kusaidia watoto, ni bure. Mambo ya balansi ni ya watu wazima, Katiba kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya lishe, haijasema mpaka mzazi amalize kulipa.

Huyo ticha wa zamu nilimtafuta nikamwomba msamaha kwa kumtaja kwa grupu. Alinyamaza kidogo, akasema asante mzazi.

Meza ilitolewa Jumatatu iliyofuata. Sahani bado zilikuwa hazitoshi, kwa hivo wazazi watatu tulienda Kamukunji tukanunua dazeni mbili za melamine. Kuna waliosema tumekosea juu lanchi tayari tunalipia, na wako na haki, mimi nilitaka tu mtoto ale wiki hiyo. Jumatano iliyopita dada akanipigia nikiwa kazini, akaniambia ameshuka kwa basi, ametupa begi mlangoni, na amepita jikoni bila kuangalia akaenda kucheza mpira.