Nani anaruhusiwa kubadili mchezaji baada ya kikapu?

Kuhusu waamuzi wawili waliobishana iwapo timu iliyofunga kikapu, zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 40 za robo ya nne, inaweza kuomba kubadili mchezaji, kwa kanuni za FIBA (shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu) aliyekataa ndiye aliye sahihi. Ni kweli kwamba katika dakika 2 za mwisho saa ya mchezo husimamishwa kikapu kinapofungwa, na hapo ndipo wengi hukosea, lakini nafasi ya kubadili mchezaji hufunguliwa na ombi la timu iliyofungwa. Inaniuma kuona mchezaji aliyekwisha kuingia akirudishwa benchi kwa mkanganyiko unaoepukika. Nafasi hufungwa mara mchezaji anapokabidhiwa mpira wa kurusha kutoka nje ya mstari.