Kabla hujashangilia kijani, tazama mkia

Juzi binti wa jirani yetu hapa Shangani, Mtwara mjini, alinijia na daftari. Amepata nafasi ya shahada ya pili nje, kwenye maabara ya seli, na kazi yake itakuwa plasmidi za protini zinazong'aa. "Dada, si unaziingiza tu kwenye seli halafu unaangalia?" Nikacheka. Mimi nilidhani hivyohivyo, nikapoteza miezi miwili.

Ile ya kijani imetoka kwa yavuyavu wa Bahari ya Pasifiki, Aequorea victoria. Osamu Shimomura na wenzake waliieleza mwaka 1962. Leo jeni lake limo kwenye plasmidi, yaani pete ya DNA. Ukiipenyeza kwenye seli, seli yenyewe inaitengeneza hiyo protini. Ikiwa peke yake inasambaa kote, mpaka kwenye kiini. Ukitaka iende chumba fulani, lazima uipe anwani.

Hapo ndipo nilipoumia. Protini nyingi za peroksisomu, moja ya vyumba vidogo vya seli, hutambuliwa kwa amino asidi tatu za mwisho: serini, lisini, lusini, kwa kifupi SKL. Za mwisho kabisa, si za karibu na mwisho. Mimi, kwa ujanja wangu, nikabandika kialama kingine, kipande kifupi cha protini, baada ya SKL, kije kinisaidie kwenye kipimo kingine. Mfuatano wa DNA ukarudi safi, herufi zote zipo. Kwenye hadubini nikatarajia vidoti vidogovidogo. Nikakuta seli nzima kijani kama embe bichi. Nikabadilisha dawa ya kupenyezea, nikabadilisha seli, nikawanunia wenzangu. Kumbe gunia la korosho jina limeandikwa vizuri, ila limeshonewa ndani. Ghalani nani atalisoma?

Kwa mitokondria ni kinyume, anwani inakaa mwanzoni. Wengi hutumia kipande cha mwanzo cha COX8, protini ya mitokondria, kijani kikafuata nyuma. Ukikitanguliza, umeiziba.

Lisosomu, vyumba vya kumeng'enya, nazo ndani yake zina asidi, pH kama 4.5 hadi 5, na EGFP, yaani ile ya kijani iliyoboreshwa, hufifia humo. Chukua mCherry, protini nyekundu, inastahimili. Au tumia LAMP1, protini ya utando wa lisosomu, yenye kijani kwenye mkia, kwa sababu mkia huo hukaa nje ya lisosomu.

Halafu usimwage DNA nyingi. Promota ya CMV, swichi ya kuwasha jeni iliyotoka kwa kirusi, ina nguvu, na protini ikizidi hufanya madonge ambayo mgeni huyaona ni chumba cha kweli. Seli zinazowaka kama karabai za wavuvi wa dagaa ziache, hata kama picha yake ni tamu. Piga zile hafifu.

Na kila mara tenga sahani ya kijani peke yake, ya nyekundu peke yake, na moja isiyo na plasmidi yoyote. Kuna seli hung'aa kidogo zenyewe, na mimi nilishawahi kumpelekea msimamizi wangu picha ya mng'ao huo, nimeiwekea na mishale.