Mwislamu na mazoezi ya qigong

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Natokea Mombasa, nasoma Guangzhou, China. Mgongo ulinisumbua sana, daktari akanishauri nifanye qigong, yaani mazoezi ya Kichina ya harakati za polepole na pumzi, nikajiunga na kikundi cha asubuhi bustanini. Nimepata nafuu. Lakini sasa mwalimu anatuambia tukusanye nguvu ya ulimwengu chini ya kitovu ili roho isafike na kuungana na Dao, yaani asili ya vitu vyote katika imani ya Kidao ya China. Niendelee?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akupe shifaa iliyo kamili, ndugu yangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na kila moja lina hukumu yake.

Kwanza mazoezi yenyewe. Chukua Baduanjin, seti ya qigong yenye mikao minane, ambayo bila shaka mnaifanya: unainua mikono juu ya kichwa viganja vikitazama mbingu, unavuta upinde usiokuwepo kulia na kushoto, na mwisho unanyanyua visigino na kuviangusha chini mara saba. Hiyo ni harakati na pumzi. Asili ya mambo kama haya ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr (r.a.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Wachina wenyewe wamekwisha kuyatenga mazoezi haya na dini. Miaka ya 1950 Liu Guizhen, mtibu wa qigong, aliyaingiza katika vituo vya tiba, na leo qigong ya afya iko chini ya idara ya michezo ya serikali.

Pili ni hayo ya roho, na hapa sitakulegezea. Katika mafunzo ya Kidao, kiini cha mwili husafishwa kiwe qi (nguvu ya uhai), qi iwe roho, na roho irejee kwenye utupu. Hiyo ni itikadi kamili kuhusu mtu katoka wapi na anarudi wapi. Sisi tumeambiwa roho ni katika amri ya Mola wetu, nasi hatukupewa elimu ila kidogo (Qur'an 17:85). Hatuungani na ulimwengu; tunarejea kwa Aliyeuumba. Amefaulu aliyeitakasa nafsi yake (91:9), na utakaso huo ni toba, swala, chumo la halali, kuzuia ulimi na kusamehe aliyekudhulumu. Mtu aweza kutulia mno kwa pumzi na bado akala haki ya yatima. Utulivu ni neema, lakini si uchamungu.

Waislamu wa China walilikabili jambo hili kabla yetu. Liu Zhi wa Nanjing, karne ya 17 na 18, aliandika juu ya kuilea nafsi kwa lugha ya wanazuoni wa Kikonfusio, falsafa ya kale ya China, huku tauhidi na nguzo tano zikibaki mahali pake. Wang Ziping wa Cangzhou, bingwa wa sanaa za mapigano na mtibu wa mifupa, alijulikana kwa Uislamu wake.

Kwa hiyo endelea na mazoezi, nia yako iwe afya. Yakianza maneno ya kuungana na Dao, usiyafuate moyoni wala kwa ulimi. Vuta pumzi zako ukimdhukuru Allah. Pakiwekwa picha ya kusujudiwa au ubani wa kuabudia, ondoka, utafute kikundi kingine. Usiache dawa za daktari. Na ukiona vikao virefu vya kutafakari vinakuletea sauti au hofu, simamisha mara moja: madaktari wa China wanaijua hali hiyo na wanaitibu.

Wallahu a'lam.