Kidonge cha dada kinanilaza hadi adhuhuri

SWALI: Shikamoo Bibi Tabibu. Nina miaka 41, nauza karanga na ubuyu Soko la Majengo. Tangu mwaka jana nachoka ovyo, nimenenepa ingawa sili sana, choo kigumu, ngozi imekauka inachanika. Julai hii wenzangu sokoni wanavaa sweta, mimi najifunga blanketi. Nasahau hata chenji ya wateja, na kuna siku nalia tu. Dada yangu wa Singida ana sonona. Anameza amitriptilini mbili kila usiku na alfajiri yuko shambani. Akanitumia za kwake kwa basi, zimekunjwa kwenye karatasi ya daftari. Nimemeza moja moja kwa wiki tatu: nalala hadi adhuhuri, mdomo mkavu. Jirani anasema ni homoni, nipime zote, na ana unga wa kuzisawazisha, shilingi 30,000. Mimi na dada si damu moja? Mbona dawa inanikataa?
Mama Karanga, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Damu moja, ndiyo, lakini maini mawili. Amitriptilini huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, hasa CYP2C19 na CYP2D6. Maelekezo ya kuvitengeneza yamo kwenye jeni, nusu kutoka kwa baba, nusu kwa mama, na watoto wa tumbo moja hawagawiwi sawasawa. Huenda ini la dada linaifagia upesi, lako linaifagia polepole, kukicha bado umelewa. Tena mwili wake umeshaizoea. Waliowahi kumeza efavirenzi, ile ARV ya zamani, wananielewa: miligramu 600 zile zile, huyu analala, yule anakesha na ndoto za kutisha. Hapo napo kulikuwa na mkono wa kimeng'enya cha ini, CYP2B6.

Dawa ya dada huzuia serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo neva hupashana nazo habari, zisirudi haraka kwenye neva zilizozitoa, ndiyo maana inamfaa yeye. Lakini huziba pia kazi ya kemikali nyingine mbili: ya histamini, ndiko usingizi unakotoka, na ya asetilikolini, ndiko unakotoka ukavu wa mdomo na choo kugoma. Choo chako kilikuwa kimegoma tangu mwanzo, mama. Umekiongezea kufuli.

Sasa hilo blanketi. Nimesoma barua yako mara mbili kwa sababu yake. Baridi inayokuandama peke yako, uzito, ngozi, choo, kusahau na machozi, vyote kwa pamoja, vinanipeleka shingoni, kwenye tezi dundumio. Homoni yake ndiyo inayoamua mwili uwake kwa kasi gani, na ubongo nao unaitegemea. Ikipungua, mtu anaweza kuonekana ana sonona kabisa. Nilipokuwa nazunguka vijijini Mpwapwa niliwaona akina mama wamejifunga kanga shingoni mpaka kwenye jua la Oktoba, kuficha rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo. Lakini shingo yako ikiwa laini isikudanganye: tezi inaweza kulegea bila kuvimba.

Usipime "homoni zote". Kotisoli, homoni ya msongo, hupanda alfajiri ikashuka usiku, za hedhi hubadilika wiki hadi wiki. Utarudi na karatasi ndefu isiyosema kitu. Omba TSH, pamoja na wingi wa damu na sukari. TSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Ni kama mama anayemwita mtoto akachote maji: mtoto akiitika, sauti inabaki ya kawaida, akikaa kimya, mama anapaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu sana, mara nyingi tezi ya shingo ndiyo isiyoitika, na daktari atapima pia homoni yenyewe.

Ikithibitika, utapewa levothairoksini, na dozi itakuwa yako wewe: huangaliwa uzito, umri na moyo, kisha TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu homoni hii hukaa mwilini muda mrefu na mabadiliko hayaonekani kesho yake. Meza kwa maji matupu asubuhi, chai ingoje nusu saa au saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu viache mbali nayo kwa muda wa kama saa nne, maana madini ya chuma huizuia isifyonzwe.

TSH ikiwa sawa, basi huenda ni sonona kweli, na hiyo pia inatibika. Najua hapa Dodoma ukitaja akili watu wanasikia Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Waache wasikie.

Unga wa jirani mwulize unasawazisha homoni ipi, na saa ngapi. Hiyo 30,000 weka kwenye vipimo. Nenda na ile karatasi ya daftari, mwoneshe daktari ulichomeza na kwa wiki ngapi, akuelekeze namna ya kuacha. Na dada mpigie simu: kama amekugawia vidonge vyake, huenda mwezi huu yeye mwenyewe vimempungukia.